Gari dogo lililotumika, bajeti ndogo: acha pesa ifuate ushahidi

Umeweka akiba miaka minne. Zamu yako ya chama imefika, na Sacco imekuongezea kidogo. Sasa una laki saba na unataka gari dogo la kukupeleka kazini, kuwafikisha watoto shuleni na kukupeleka nyumbani kwa wazazi mwezi wa Desemba. Unaona tangazo kwenye mtandao. Gari linang'aa, bei inakubalika, na muuzaji anakuandikia: "Kuna mtu mwingine anakuja kuliona saa nane. Tuma elfu hamsini nikushikie."

Ujumbe kama huo hupenya kwa sababu humkuta mtu akiwa na hamu na haraka. Injini mbovu unaweza kuitengeneza polepole, mwezi huu kidogo na ujao kidogo. Pesa uliyomtumia mtu ambaye gari si lake ni vigumu sana kuipata tena. Ndiyo maana katika makala haya tunazungumzia gari na malipo kwa pamoja. Kanuni ni moja: pesa ifuate ushahidi. Kabla ya shilingi yoyote kutoka kwenye simu yako, kuwe na jambo ambalo wewe mwenyewe umelithibitisha.

Hebu tuanze na neno ambalo liko kwenye matangazo mengi siku hizi.

Gari "lina cheti". Cheti cha nani?

Muuzaji akikwambia gari limekaguliwa na lina cheti, muulize: cheti gani? Kuna vitatu unavyoweza kuonyeshwa, na kila kimoja kinasema jambo lake.

Cha kwanza ni kile wauzaji hukiita CoR, yaani cheti kwamba gari linafaa kuwa barabarani. Ni cha lazima kwa gari lililotumika linaloingizwa Kenya kutoka nchi kama Japani. Gari hukaguliwa huko huko kabla halijapakiwa melini, na kampuni iliyoteuliwa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Cheti huonyesha nambari ya chesisi na kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi. Hizo kilomita ndizo za kuangalia kwanza. Kama cheti kinasema 96,000 na dashibodi inasema 61,000, shukuru kwa chai na uondoke.

Hapo pia kumbuka sheria ya miaka minane. Kiwango cha KEBS kiitwacho KS 1515 hakiruhusu gari lililopitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza kuingizwa nchini. Kwa mwaka 2025, magari yaliyokubaliwa ni yale yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Kwa 2026 ni kuanzia 2019. Kwa hivyo mtu akikuambia gari la 2014 "limeshuka meli juzi", kuna kitu kimoja kati ya umri na safari ambacho si kweli.

Cha pili ni karatasi ya mnada. Japani magari mengi yaliyotumika huuzwa kwenye minada, na mkaguzi wa mnada hulipa kila gari alama. Alama ya 4 au 4.5 ni gari lenye hali nzuri. 3.5 ni gari la kawaida lenye mikwaruzo na vijidosari. R au RA ni gari ambalo limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye karatasi hiyo kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi, 1 hadi 3, inaonyesha ukubwa wa dosari. Gari la R si lazima liwe baya, lakini usilipe bei ya gari la 4.5. Na ukipewa picha iliyofifia ambayo alama haisomeki, jua kuna huduma za mtandaoni zinazotafuta karatasi ya asili kwa kutumia nambari ya chesisi.

Cha tatu ni cheti cha muuzaji mwenyewe. Baadhi ya kampuni za magari na yadi huuza magari ambayo fundi wao ameyakagua, na huyauza kwa bei ya juu kidogo pamoja na dhamana ya muda. Thamani ya cheti cha namna hii iko kwenye dhamana. Stika ya kwenye kioo ni pambo tu. Iombe dhamana kwa maandishi na uisome: ni ya miezi mingapi, ina kikomo cha kilomita ngapi, injini na giaboksi zimo, na ukarabati utafanywa gereji gani kwa gharama ya nani. Kama majibu ni ya mdomo tu, hesabu kwamba hakuna dhamana.

Vyeti hivi vyote vina kikomo kimoja. Kila kimoja kinaeleza gari lilivyokuwa siku lilipokaguliwa. Gari lililoingia nchini miaka saba iliyopita laweza kuwa na CoR safi kabisa, na bado limefanya kazi ya teksi usiku na mchana tangu hapo. Jambo hilo linakuhusu sana ukiwa na bajeti ndogo, kwa sababu huenda utanunua gari lililotumika hapa nchini.

Sababu ni kodi. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha wa gari linaloingizwa umekuwa asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, kisha VAT ya asilimia 16. Kila kodi hupigwa juu ya jumla iliyotangulia, kwa hivyo shilingi 100 za thamani ya gari hufika karibu 188 hata kabla ya ada nyingine za uingizaji na za bandarini. Tena KRA haitumii bei uliyonunulia wewe. Huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya kwenye orodha yake, kisha hupunguza kulingana na umri. Ndiyo maana gari dogo linaloonekana rahisi kwenye tovuti ya Japani hubadilika sura likifika Mombasa.

Kwanza, jua gari ni la nani

Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe, isipokuwa ithibitishwe vingine. Kwa hivyo swali la kwanza halihusu injini. Jina la nani liko kwenye logbuku?

Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, nenda kwenye huduma za NTSA, na uombe rekodi za gari kwa kutumia nambari ya usajili. Utalipa ada ya shilingi mia kadhaa. Utaona jina la mwenye gari, nambari ya chesisi, nambari ya injini, modeli, mwaka na rangi. Fanya utafutaji huo mwenyewe, kwa simu yako. Picha ya matokeo uliyotumiwa na broka ni picha tu, na picha huhaririwa.

Ukishapata matokeo, linganisha vitu vitatu: jina lililo kwenye rekodi, jina lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji, na jina linalotokea kwenye simu yako unapotaka kumtumia pesa. Majina hayo matatu yakifanana, uko mahali pazuri. Yakitofautiana, omba maelezo, na maelezo yaje na karatasi. "Ni la shemeji yangu yuko Dubai" si karatasi.

Baada ya hapo fungua boneti na mlango, usome nambari ya chesisi kwenye gari lenyewe. Iwe sawa na ile ya NTSA, herufi kwa herufi. Angalia kama sehemu hiyo imekwaruzwa, imechomelewa au imepakwa rangi upya.

Kuna hatua moja ambayo watu wengi huiruka. Gari linaweza kuwa la muuzaji kweli, na bado liwe limewekwa rehani. Mikopo ya logbuku iko kila mahali. Ukiona jina la benki au la taasisi ya mikopo pamoja na la mwenye gari kwenye rekodi, deni lipo. Lakini pia kuna sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017 na kusimamiwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS. Mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake humo. Sajili hiyo hutafutwa kupitia eCitizen. Mkopo ukiwepo, mkopeshaji anaweza kulifuata gari hata likiwa mikononi mwako. Usilipe mpaka uone barua ya mkopeshaji kwamba deni limekwisha, na rekodi zimesafishwa.

Pili, fundi awe wako

Fundi wa muuzaji ni mtu wa muuzaji. Tafuta fundi unayemwamini, au peleka gari likaguliwe na shirika kama AA Kenya. Gharama hiyo inauma ukizingatia kwamba huenda usinunue gari lenyewe, lakini ndiyo pesa ndogo kuliko zote utakazotumia, na inaweza kukuokoa na kubwa kuliko zote.

Omba kuliona gari asubuhi kabla halijawashwa. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Mwambie fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na aangalie kama makosa yamefutwa dakika chache zilizopita. Ukiwa naye, angalieni haya:

- Moshi. Wa buluu una maana injini inakula oili. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto waweza kuwa maji yanaingia ndani ya injini.
- Oili na maji. Oili yenye rangi ya maziwa, au mafuta yanayoelea kwenye rejeta, ni sababu ya kwenda nyumbani.
- Gea. Gari la otomatiki likichelewa kushika ukiweka D au R, likigonga, au likinguruma bila kuongeza mwendo mlimani, giaboksi inalalamika.
- Tairi. Zikiwa zimelika upande mmoja, kuna jambo kwenye shokabu, kwenye bushi au kwenye chesisi. Soma pia tarehe ya kutengenezwa: namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.
- Rangi. Simama kando ya gari kwenye jua. Mlango mmoja ukiwa na kivuli tofauti, uliza kilichoupata.
- Maji ya mafuriko. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliyafunika magari mengi Nairobi na kwingineko. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una matope. Inua zulia, nusa, na uangalie kutu kwenye reli za viti.
- Kilomita. Usukani uliolainika kama sabuni, pedali zilizolika na kiti kilichozama havilingani na kilomita 60,000.

Kisha liendeshe, na sio kuzunguka yadi tu. Tafuta mlima, tafuta barabara mbovu, tafuta msongamano. Zima redio. Gari litakuambia lenyewe.

Tatu, kila modeli na ugonjwa wake

Barabara zetu zimejaa Vitz, Demio, Note, March, Fit na Passo, na hiyo ni faida kwako. Gari lenye spea kila mji na fundi kila mtaa ni rahisi kulitunza kuliko gari zuri la pekee. Lakini kila moja lina mahali pa kuangalia zaidi.

Toyota Vitz ina injini za cc 1000 na 1300 ambazo mafundi wanazijua vizuri, na huuzika haraka ukitaka kuachana nayo. Kwa sababu hiyo hiyo bei yake iko juu, na ile ya cc 1000 huchoka mlimani ikiwa na watu watano. Nissan Note na March mara nyingi hukupa mwaka wa karibu zaidi kwa pesa ile ile. Zile zenye giaboksi ya CVT zinataka mafuta yake maalumu, yakibadilishwa kwa wakati. Muulize muuzaji yalibadilishwa lini, na uombe risiti.

Mazda Demio ya petroli ni nzuri kuendesha. Ile ya dizeli ya cc 1500 hutumia mafuta kidogo sana kwenye safari ndefu, lakini ukiifanyia safari fupi za mjini kila siku hujaza masizi kwenye njia ya hewa, na kuisafisha si kazi ya jioni moja. Honda Fit ina nafasi kubwa ndani kuliko unavyodhani ukiiona nje. Fit ya hibridi iliyotoka 2013 iliitwa na kiwanda zaidi ya mara moja kwa sababu ya giaboksi yake ya gea saba, kwa hivyo hakikisha marekebisho hayo yalifanywa. Kwa hibridi yoyote, fundi apime betri kubwa kabla ya kuzungumza bei. Betri ikifa, bajeti yako imekufa nayo.

Jambo moja la usalama: mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata iliitwa kurekebishwa duniani kote kwa sababu inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Magari ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda ya miaka ya nyuma yamo. Watengenezaji wana kurasa za kutafuta kwa nambari ya chesisi, na huo ni utafutaji wa bure.

Nne, laki saba si bei ya gari

Ukiwa na shilingi 700,000, usitafute gari la 700,000. Gari likishakuwa lako linaanza kudai siku hiyo hiyo. Huu hapa mfano wa kugawanya pesa hizo. Makadirio ni yetu, kwa ajili ya kukuonyesha uwiano tu. Weka namba zako baada ya kuuliza bei:

- Gari lenyewe: 560,000
- Utafutaji wa rekodi na ukaguzi wa fundi: 6,000
- Kuhamisha umiliki: 5,000
- Bima: 35,000
- Sevisi ya kwanza, yaani oili ya injini na ya giaboksi, filta na plagi: 20,000
- Tairi nne: 28,000
- Akiba ya dharura: 46,000

Hiyo akiba ya mwisho ndiyo watu huitoa kwanza wakiona gari la 600,000 lenye redio kubwa na rimu za kung'aa. Usiiguse. Mwezi wa pili kitu kitaharibika, na ukiwa huna kitu utakopa kwa simu kwa riba ili ukanunue pampu ya maji.

Hesabu na mwezi pia. EPRA hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Tuchukue 180 kwa lita kama mfano. Ukiendesha kilomita 40 kwa siku, siku 24, ni kilomita 960. Gari linalokupa kilomita 15 kwa lita litakunywea lita 64, yaani shilingi 11,520. Ongeza maegesho, kuosha, na fungu dogo la sevisi ijayo. Kama kuna mkopo wa Sacco, ongeza makato yake. Jumla hiyo ikizidi kile unachobaki nacho baada ya kodi ya nyumba, karo na chakula, nunua gari la bei ya chini zaidi au subiri miezi sita. Kusubiri si aibu. Aibu ni gari zuri lililoegeshwa kwa kukosa mafuta.

Tano, lipa kwa hatua, na kila hatua iwe na sababu

Sasa turudi kwenye simu yako. Huu ndio mpangilio tunaoupendekeza.

Kabla hujaliona gari kwa macho: sifuri. Hakuna ada ya kuangalia, ya kushikiwa, wala ya "kufungua geti".

Kutafuta rekodi: unailipa serikali mwenyewe kupitia eCitizen. Paybill ya eCitizen ni 222222. Mtu akikuambia utume ada ya NTSA kwenye nambari yake binafsi ili akusaidie, hakusaidii.

Kukagua: unamlipa fundi wako au shirika la ukaguzi. Muuzaji hapati kitu hapa.

Malipo ya awali, au dipoziti kama tunavyozoea: yanakuja baada ya rekodi kulingana na fundi kutoa ripoti. Yawe kiasi kidogo. Kabla hujatuma, muandike makubaliano mafupi yenye majina, nambari za vitambulisho, nambari ya chesisi, bei kamili, kiasi cha awali, na siku ambayo pesa itarudi kama muuzaji atashindwa kuhamisha gari. Kwa yadi, lipa kwenye Paybill au Till yenye jina la biashara. Kwa mtu binafsi, lipa kwa nambari iliyosajiliwa kwa jina lililo kwenye logbuku. Jina hutokea kabla hujathibitisha muamala. Lisome. Sekunde tano hizo ndizo mlinzi wako wa mwisho.

Salio: litoke siku ambayo umiliki unahamishwa. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, nawe unauona kwenye yako, unaukubali na kulipa ada. Kaeni pamoja mfanye hivyo, kwa wakili au benki ikiwezekana. Kama hamwaminiani, wakili anaweza kushikilia pesa mpaka uhamisho ukamilike. Sheria inakupa siku 14 tu za kuliendesha gari baada ya kununua kabla ya kusajiliwa kwa jina lako. Ukilipa yote halafu muuzaji azime simu, utabaki na gari ambalo kwa rekodi bado ni lake.

Kuhusu viwango: kwa sasa unaweza kutuma hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Gari la 560,000 halitoshei humo, na hiyo ni sawa kabisa. Usigawanye malipo kwenye nambari za mke, ndugu na broka ili kukwepa kikomo. Ukifanya hivyo unavunja ushahidi wako vipande vipande, na kesi ikitokea itabidi ueleze kila kipande. Tumia simu kwa dipoziti, kisha salio lipitie benki, kutoka akaunti yako hadi akaunti ya mwenye gari. PesaLink hubeba kiasi kisichofika milioni moja. Usibebe pesa taslimu kwenye bahasha.

Hifadhi kila ujumbe wa uthibitisho, na upakue taarifa ya akaunti yako ya wiki hiyo. Iweke pamoja na makubaliano.

Dalili za kukatisha mazungumzo

- Bei iko chini sana kuliko magari mengine ya mwaka huo. Rahisi huvunja upishi.
- Gari "liko bandarini" na kila siku kuna ada mpya ya kulitoa.
- Unaruhusiwa kuliona lakini sio kulisoma chesisi wala kuleta fundi.
- Jina la kupokea pesa si la mwenye gari wala la yadi.
- Unaambiwa logbuku "iko NTSA, inatoka wiki ijayo", lakini pesa zinatakiwa leo.
- Muuzaji anakuomba nambari ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako. Hakuna malipo ya gari yanayohitaji hizo. Hata sisi hatuziombi.

Pesa ikishatoka

Wateja hutuuliza kama tunaweza kurudisha pesa ya dipoziti. Tuseme wazi. Huduma ya kurejesha muamala iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa nambari usiyoikusudia. Ukiwa ulimkusudia muuzaji, na jina lake ulilisoma, huo ni mgogoro wa biashara, na hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya mtu na kutoa pesa kwa neno la upande mmoja. Lakini ukigundua ni ulaghai, tupigie saa hiyo hiyo. Dakika zina maana, kwa sababu tapeli hutoa pesa haraka. Kisha nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, ukiwa na ujumbe wa muamala, tangazo na mazungumzo yote. Usiyafute kwa hasira.

Gari dogo lililotumika, likichaguliwa kwa utulivu, ni msaada mkubwa kwa familia. Si lazima liwe jipya wala la kusifiwa mtaani. Liwe na mwenyewe anayejulikana, chesisi inayolingana, injini iliyosikilizwa na fundi wako, na bei inayokuachia akiba. Lile linaloshikiliwa kwa elfu hamsini kabla ya saa nane, mwachie huyo mwingine anayekuja. Magari hayajaisha Kenya.